Daftari la MTUHA Bado Liko Mezani

Chanjo moja ya surua na rubela kwa mtoto wa miezi 9 huandikwa mara ngapi? Muuguzi wa zahanati huanza na kadi ya kliniki ambayo mama ameileta imekunjwa ndani ya kanga. Akishajaza hapo, hufungua rejista ya watoto, kile kitabu kipana cha MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya), na kutembeza kidole kwenye kurasa za miezi ya nyuma mpaka alione jina. Hugeukia fomu ya tali na kuweka kijiti kimoja. Hufungua leja ya chanjo na kupunguza dozi. Kisha, pale ambapo mfumo wa kielektroniki umefika, huchukua kishikwambi, akamtafuta mtoto yule yule upya na kuingiza tarehe ile ile. Mwezi ukiisha, vijiti vya tali hujumlishwa kwa kikokotoo, jumla ikahamishiwa kwenye fomu ya ripoti, fomu ikapelekwa wilayani, na huko mtu mwingine akaichapa kwenye DHIS2. Sindano yenyewe ilichukua sekunde chache.

Kazi hiyo ya kuandika mara tano haionekani kwenye tathmini nyingi za utayari wa nchi kwa huduma za afya za kielektroniki. Ukipima kwa nyaraka, Tanzania imejiandaa vizuri. Ilikuwa na mkakati wa kwanza wa afya mtandao wa mwaka 2013 hadi 2018, ukafuatiwa na Mkakati wa Afya ya Kidijitali wa 2019 hadi 2024. Ina Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, Sheria ya Serikali Mtandao ya 2019, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. DHIS2, programu huria iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Oslo, inapokea takwimu za vituo vya nchi nzima tangu mwaka 2013, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina maabara yenye wataalamu wanaoitengeneza na kuiendeleza hapa hapa nyumbani. Si nchi nyingi za Afrika zinazoweza kuweka orodha kama hiyo mezani.

Tatizo liko kwenye kipimo chenyewe. Mei 2005, Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliokaa Geneva ulipitisha azimio la kuzitaka nchi ziandae mipango ya kutumia teknolojia ya habari katika afya. Mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani na Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano wakatoa mwongozo wa pamoja unaogawa kazi hiyo katika maeneo 7: uongozi, mkakati na uwekezaji, sheria, watumishi, viwango vya kubadilishana taarifa, miundombinu, na huduma zenyewe. Tathmini nyingi za leo zinafuata mgawanyo huo. Ni mgawanyo mzuri kwa mtu aliyeko makao makuu, kwa sababu maswali yake mengi hujibiwa kwa kuonyesha karatasi: je, mkakati upo? Sheria imepitishwa? Kamati ya uratibu imeundwa? Nchi inaweza kupata alama nzuri kwenye maeneo matano kati ya hayo saba bila muuguzi hata mmoja kupunguziwa kazi.

Swali linalokosekana ni jepesi na linapimika: tangu mfumo wa kielektroniki uingie kituoni, ni vitabu vingapi vya karatasi vimeondolewa?

Afrika Mashariki ilikuwa na nafasi ya kujifunza hili mapema. Februari 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot huko Nandi, si mbali na Eldoret, ulianza kufanya kazi mmoja wa mifumo ya kwanza ya kumbukumbu za kielektroniki za wagonjwa wa nje katika Afrika kusini mwa Sahara. Ulijengwa kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani. Vifaa vilikuwa kompyuta mbili zilizounganishwa, programu ya kawaida ya ofisini, na betri za akiba zilizochajiwa kwa jua. Hakukuwa na intaneti ya kutegemea. Kutokana na kazi iliyoanzia pale, na mzigo wa wagonjwa wa VVU ulioongezeka kwa kasi magharibi mwa Kenya, ndipo mwaka 2004 ilipozaliwa OpenMRS, programu inayotumika sasa katika nchi nyingi duniani.

Cha thamani zaidi ni kwamba watafiti wa Mosoriot walikaa na saa, wakawafuata wagonjwa na watumishi kabla na baada ya mfumo kuwekwa. Ziara ya mgonjwa kituoni ilifupishwa kwa asilimia 22. Muda wa kusubiri ulielekea kupungua. Lakini muda ambao mgonjwa alikaa na mtoa huduma nao ulishuka, tena kwa asilimia 58. Takwimu hiyo ya mwisho inastahili kusomwa kwa utulivu. Ukiwa mhasibu, utafurahi kwamba kazi imekwenda haraka. Ukiwa mama mwenye mimba ya miezi 7 anayetaka kueleza kwamba miguu imeanza kuvimba, dakika zilizopungua huenda ndizo ulizozihitaji. Kompyuta ilihamisha muda kutoka mahali fulani kwenda mahali pengine, na uamuzi wa muda huo uende wapi ni wa wanadamu wanaopanga kazi. Watu wa Mosoriot walipima jambo hilo zaidi ya miaka 20 iliyopita. Inashangaza jinsi miradi mingi iliyokuja baadaye, ikiwa na fedha nyingi zaidi, ilivyoridhika kuhesabu vishikwambi vilivyogawiwa na watumishi waliohudhuria semina.

Kwa nini daftari haliondoki? Sababu ya kwanza ni ile inayojulikana na kila mtu, umeme na mtandao, ila mara nyingi inaelezwa kwa ujumla mno. Tanzania Bara ina vijiji 12,318, na kazi ya kuvifikishia umeme imefanywa kwa bidii inayostahili sifa. Hata hivyo nguzo kufika kijijini haina maana kwamba chumba cha kujifungulia kina taa saa nane usiku. Zahanati inaweza kuwa katika kitongoji kilicho mbali na laini. Inaweza kuwa na mita, na umeme wa kulipia kabla, LUKU, ukaisha wakati mganga mfawidhi yuko wilayani kwenye kikao. Nani hununua umeme huo, na kwa fungu gani? Nani hulipia bando la kishikwambi? Katika vituo vingi jibu ni mapato ya papo kwa papo, fedha zile zile zinazogombewa na sabuni, glovu na mlinzi wa usiku. Muuguzi anayejua kwamba bando linaweza kukata tarehe 20 hana sababu ya kuacha kuandika kwenye kitabu. Anajilinda, na anafanya vizuri.

Mtandao nao una historia yake. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika kusini mwa pwani ya Afrika Mashariki, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi. Waliokuwa wakituma pesa, waliokuwa wakisoma na waliokuwa wakitafuta taarifa za mgonjwa, wote walikwama pamoja. Hapa ndipo uamuzi wa kiufundi unapogeuka kuwa uamuzi wa tiba. GoTHOMIS, mfumo wa kuendesha vituo vya umma uliobuniwa chini ya TAMISEMI (ofisi inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa), ulianza kwa kufungwa kwenye sava iliyoko kituoni. Faida yake ni kwamba mtandao wa nje ukikatika, mapokezi, maabara na dirisha la dawa vinaendelea kuongea. Hasara yake ni kwamba sava ikiungua kwa umeme kupanda na kushuka, miaka ya kumbukumbu inapotea nayo, na mtaalamu wa TEHAMA wa halmashauri anaweza kuwa mmoja kwa vituo vyote. Ukipeleka kila kitu kwenye kituo kikuu cha data, unatibu ugonjwa huo na kukaribisha mwingine. Njia salama ni mfumo unaohifadhi kwenye kifaa kwanza na kutuma baadaye mtandao ukirudi. Teknolojia hiyo ipo na haina jipya. Ingefaa iwe sharti la kwanza kwenye kila zabuni, kabla ya rangi za skrini na michoro ya takwimu.

Sababu ya pili ni nzito kuliko ya kwanza, na hupata nafasi ndogo zaidi kwenye hotuba. Mifumo ni mingi, na kila mmoja una bwana wake. Kliniki ya tiba na matunzo ya wanaoishi na VVU ina kanzidata yake ya CTC2. Chanjo ina mfumo wake. Dawa huagizwa Bohari ya Dawa kupitia mfumo wa ugavi. Madai ya bima yana mlango wake, na takwimu za mwezi zina DHIS2. Kila kimoja kilijengwa kwa nia njema, na mara nyingi kwa fedha za mfadhili anayetaka takwimu za ugonjwa wake kwa sura yake. Uganda ilichoka mapema: Januari 2012 Wizara ya Afya ya nchi hiyo iliagiza miradi ya majaribio ya afya mtandao isimame mpaka ipate uratibu. Tanzania ilichagua njia ya upole zaidi, yaani kujenga daraja la kubadilishana taarifa kati ya mifumo iliyopo, kuanzia hospitali kubwa. Ni kazi ya heshima. Lakini imeanzia juu, kwenye hospitali zenye wataalamu na sava, na zahanati iko mwisho wa foleni.

Kuna pia mpaka wa kiutawala ambao mgeni hauoni. Sera, miongozo na vitabu vya MTUHA ni mali ya Wizara ya Afya. Zahanati, watumishi wake na bajeti yake viko chini ya halmashauri, na halmashauri ziko TAMISEMI. Wizara inaweza kuamua kwamba mfumo fulani utumike. Haiajiri mtu wa kuutumia. TAMISEMI inaweza kufunga kompyuta; haina mamlaka ya kusema kitabu fulani cha Wizara kisiandikwe tena. Hivyo mfumo mpya unaingia kwa barua ya upande mmoja, na karatasi ya zamani inabaki kwa sababu barua ya upande wa pili haijaandikwa. Mkaguzi akija anaomba kitabu. Muuguzi aliyeacha kukijaza kwa imani kwamba kishikwambi kinatosha ndiye anayeandikiwa hoja.

Na mwanzoni mwa 2025 likaongezeka jambo ambalo tathmini za utayari hazikuwa na safu yake. Januari mwaka huo serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kufikia Julai shirika la USAID lilikuwa limefungwa kama chombo cha kujitegemea. Takwimu za VVU katika nchi nyingi za Afrika zilikuwa zikiingizwa na makarani waliolipwa na miradi. Sava, leseni na posho za usimamizi zilitoka mfuko huo huo. Nchi iliyokuwa na mfumo mzuri kwa mshahara wa mwingine iligundua kwa siku chache ni kiasi gani cha utayari wake kilikuwa cha kuazima. Rwanda ilikuwa imeonja jambo la jinsi hiyo kwa upande wa biashara: huduma ya Babyl ya kumwona daktari kwa simu, iliyoanza mwaka 2016 na kuandikisha zaidi ya watu milioni 2, ilifungwa baada ya kampuni mama ya Uingereza, Babylon, kufilisika mwaka 2023.

Hoja ya umiliki imeibuka kwa nguvu zaidi Kenya. Oktoba 2023 Rais William Ruto alitia saini sheria nne za afya kwa mpigo, mojawapo ikiwa Sheria ya Afya ya Kidijitali. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 1 Oktoba 2024, bima ya zamani ya NHIF ikazimwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ikashika nafasi yake, huku usajili, uthibitisho wa mgonjwa na malipo vyote vikipita kwenye mfumo mmoja. Wagonjwa wa saratani na wa kusafishwa damu walijikuta hospitalini wakati mfumo haujatulia. Mwanzoni mgonjwa alithibitishwa kwa namba ya siri iliyotumwa kwenye simu. Wasio na simu walitaabika, na wajanja wakapata mwanya wa kudai malipo ya huduma ambazo hazikutolewa, mpaka serikali ikahamia alama za vidole. Kisha ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Serikali, Nancy Gathungu, iliyojadiliwa mwaka 2025, ikafichua kwamba mfumo huo wa shilingi za Kenya bilioni 104.8 haumilikiwi na serikali. Kenya ilikuwa na sheria, ilikuwa na mtandao mzuri kuliko jirani zake wengi, na ilikuwa na wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 wenye simu mkononi. Bado ilikwama pale ambapo siku ya kuzima mfumo wa zamani ilipangwa na ratiba ya kisiasa, kabla ya mfumo mpya kubeba mzigo mzima.

Tanzania, yenye sheria yake ya bima ya afya kwa wote iliyopitishwa na Bunge mwaka 2023, ina kila sababu ya kuisoma ripoti hiyo ukurasa kwa ukurasa. Kuna swali ambalo Kenya ililijibu kwa namba ya simu na baadaye kwa kidole, na ambalo Tanzania bado haijalimaliza: mgonjwa ni nani? Kitambulisho cha NIDA kimekuwa cha mtu mzima wa miaka 18 na kuendelea. Mtumiaji mkubwa wa zahanati ni mtoto mdogo. Kwenye rejista ya leba ameandikwa mtoto wa Mwajuma. Kwenye kadi ana jina la babu. Akirudi na shangazi ana jina la tatu. Namba ya simu ni ya baba, ambaye amebadilisha laini. Mpango wa RITA wa kusajili watoto chini ya miaka 5, ulioanzia Mbeya mwaka 2013 na kutoa vyeti kwenye vituo vya afya na ofisi za kata, uko karibu zaidi na jibu kuliko kitu kingine chochote kilichojaribiwa, maana unamkuta mtoto mahali ambapo tayari amepelekwa na mamaye. Kuunganisha usajili huo na kumbukumbu ya chanjo kungeondoa kitabu kizima.

Ushahidi kwamba teknolojia inaweza kumpunguzia mhudumu kazi uko nchini. Huduma ya m-mama ilianzia Sengerema na Buchosa kule Mwanza, pamoja na Shinyanga, ikazinduliwa kitaifa na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 2022. Mjamzito akipata dharura, mtu yeyote hupiga 115 bure. Anayepokea ni mhudumu wa afya aliyefunzwa, ambaye hupima hali, hutafuta gari la wagonjwa, na kama halipo humwita dereva wa jamii aliyekwisha kusajiliwa. Dereva akifikisha mgonjwa hulipwa kwa simu. Angalia mzigo umewekwa wapi: mkunga aliyeko zahanati, mwenye mama anayetokwa na damu mbele yake, anachotakiwa kufanya ni kupiga simu. Kompyuta, ramani na hesabu za malipo ziko upande wa kituo cha mawasiliano. Waliobuni m-mama walimwondolea kazi mtu mwenye kazi nyingi zaidi.

Zanzibar nayo ilikwenda taratibu. Mwaka 2011 ulianza mradi wa uzazi salama ambapo wahudumu wa kujitolea walibeba simu zenye maswali ya kuwaongoza wanapotembelea wajawazito. Serikali ikauchukua, ukapanuliwa hadi lishe na makuzi ya mtoto, ukawa Jamii ni Afya, na ikachukua takriban miaka 10 kufika wilaya zote 11. Visiwa vyenye watu chini ya milioni 2 vilihitaji muda huo. Anayeahidi kufanya hivyo Bara, kwa watu zaidi ya milioni 60, kwa mwaka mmoja wa fedha, anafaa kuulizwa maswali.

Yapo ya kuhofia kwenye kufunga vitabu, na wanaoyataja hawapingi maendeleo. Juni 2024 wahalifu wa mtandaoni waliuvamia mfumo wa Maabara ya Taifa ya Afya ya Afrika Kusini. Mashine za vipimo ziliendelea kufanya kazi, lakini majibu hayakuweza kuwafikia madaktari kwa njia ya kawaida, na ya haraka yakawa yanasomwa kwa simu. Kwa zahanati, kinga ni nyepesi: bunda la fomu za dharura, ukurasa mmoja kwa mgonjwa, za kujazwa mfumo ukigoma na kuingizwa ukirudi. Usiri ni shida ngumu zaidi. Sheria ya 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, lakini nenosiri moja linalotumiwa na watumishi wanne, lililobandikwa ukutani juu ya kompyuta, linaweza kuiweka hali ya VVU ya kijiji kizima mikononi mwa asiyehusika. Hilo linahitaji mafunzo, na linahitaji mfumo unaofungua kwa sekunde ili mtu asishawishike kuacha mlango wazi.

Kazi ya karibu kuliko zote ni hii. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa kuwapata wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294 ndani ya miaka 5. Wakipewa simu na daftari kwa pamoja, tabia ya kuandika mara mbili itaenea hadi kwenye kila kitongoji, na itachukua kizazi kuiondoa. Kabla ya kundi kubwa kuingia kazini, Wizara ya Afya na TAMISEMI zingeweza kutoa waraka mmoja wenye saini mbili, unaotaja kitabu kimoja, mkoa mmoja na tarehe moja ya kusitisha kukijaza. Waraka huo uiagize halmashauri kutenga fungu la bando na la betri za jua, uwaelekeze wakaguzi kukubali kumbukumbu ya kwenye kifaa, na uweke fomu za dharura kabatini. Baada ya miezi 6 watu wakae na saa kama walivyofanya Mosoriot, wapime mama anasubiri muda gani na anakaa na muuguzi muda gani, na matokeo yatangazwe yawe mazuri au mabaya.

Kitabu kinachofaa kuanza nacho ni rejista ya chanjo ya watoto. Mkoa unaofaa ni Arusha, ambako mpango wa BID wa kuboresha takwimu za chanjo, ulioendeshwa na Wizara pamoja na shirika la PATH, ulianzia katikati ya muongo uliopita kabla ya kwenda mikoa mingine, na ambako wauguzi wana uzoefu mrefu wa kushika kishikwambi kwa mkono mmoja na kalamu kwa mwingine.